Kupimwa ADHD kwa Daktari Binafsi: Kazi Kubwa Iko Kwenye Dozi

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushika jambo moja hadi mwisho, asitulie, au atende kabla ya kufikiri, kwa kiwango kinachoharibu masomo, kazi na maisha ya nyumbani. Huanza utotoni, na kwa wengi haiishi mtu anapokuwa mkubwa. Makadirio yanayotumiwa zaidi na watafiti yanaiweka kwenye asilimia 5 hivi ya watoto na asilimia 2 hadi 3 ya watu wazima. Nchini Uingereza, ambako mwongozo wa kitaifa wa tiba uliwajumuisha watu wazima mwaka 2008, wanaotaka kupimwa wameuzidi mbali uwezo wa kliniki za umma. Takwimu za NHS, huduma ya afya ya taifa, zilikadiria kuwa Machi 2025 hadi watu 549,000 walikuwa kwenye foleni ya kupimwa England peke yake, na wengi walikuwa wamekwisha kusubiri zaidi ya mwaka.

Foleni hiyo ndiyo inayowapeleka watu kwenye kliniki binafsi. Njia ni mbili, na zinatofautiana sana kwa gharama. Ya kwanza ni kulipa mwenyewe: mgonjwa huchagua kliniki, hutoa kuanzia pauni mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja kwa uchunguzi tu, na kwa kawaida hupata majibu mapema kuliko kwenye foleni ya umma. Ya pili inaitwa haki ya kuchagua, na ipo England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hazina. Hapo mgonjwa humwomba daktari wake wa familia amwandikie rufaa ya kwenda kliniki yenye mkataba na NHS, hata ikiwa ni ya kampuni binafsi na iko mji mwingine, na gharama inabaki kwa NHS. Wapo waliolipa fedha nyingi kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kuwa njia hii ipo. Hata katika njia hiyo kuna jambo la kuuliza mapema: je, kliniki hiyo inaandika dawa na kupanga dozi, au inaishia kwenye majibu ya uchunguzi? Zipo zinazoishia hapo, na mgonjwa hulazimika kuanza foleni nyingine ya dawa.

Uchunguzi wenyewe hauna kipimo cha damu wala picha ya ubongo. Msingi wake ni mahojiano. Mwongozo wa NICE, taasisi inayoweka viwango vya tiba England, uliotolewa Machi 2018, unataka ufanywe na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, daktari bingwa wa watoto, au mtaalamu mwingine wa afya mwenye mafunzo na uzoefu wa ADHD. Unataka historia ya ukuaji ipitiwe, afya ya akili ichunguzwe, na watu wanaomfahamu mhusika wasikilizwe. Unakataza pia kutoa uamuzi kwa kutegemea dodoso peke yake. Dodoso linalotumika sana kwa watu wazima, lililoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lina maswali 18. Kazi yake ni kuchuja, yaani kuonyesha nani anastahili kuchunguzwa kwa undani. Anayepata alama nyingi humo bado hajathibitishwa kuwa na ADHD.

Vigezo vinavyotumiwa na madaktari wengi ni vya kitabu cha Marekani, DSM-5, cha mwaka 2013. Vinaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na nyingine 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto anatakiwa kuwa na dalili zisizopungua 6 katika fungu mojawapo. Kuanzia umri wa miaka 17, dalili 5 zinatosha. Hesabu hiyo haitoshi yenyewe. Dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane katika mazingira zaidi ya moja, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinamkwamisha mtu kweli. Kisha lipo sharti linalowatesa watu wazima: baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya mtu kutimiza miaka 12.

Kuthibitisha utoto wa miaka 30 iliyopita si kazi rahisi, hasa kwa mtu aliyekulia Mombasa au Tanga na sasa anaishi Leicester. Ripoti za shule ya msingi, kama zipo, zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Maneno mafupi ya mwalimu wa darasa kama vile "ana akili ila hatulii" humsaidia daktari. Mzazi au ndugu mkubwa anaweza kuhojiwa kwa simu, na kama hazungumzi Kiingereza kliniki iombwe mapema itafute mkalimani. Wazazi wengi wa pwani na bara watasema mtoto wao alikuwa mtundu tu, kama watoto wote, na hawatakuwa na nia ya kuficha lolote. Mtaalamu mzuri haulizi iwapo mtoto alikuwa mtundu. Huuliza mambo yaliyotokea: alipoteza madaftari mara ngapi, alimaliza kula akiwa amekaa, alitumwa dukani akarudi na alichotumwa? Majibu ya namna hiyo hayategemei jinsi familia inavyouita utundu.

Uchunguzi unahitaji muda kwa sababu mambo mengi yanafanana na ADHD. Anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku hawezi kuwa makini mchana. Wasiwasi, sonona, kiwewe cha vita au cha kuhama nchi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na matumizi ya bangi vyote vinaweza kumvuruga mtu akili kwa namna hiyo hiyo. Wakati mwingine hali mbili zinakaa pamoja, na kutibu moja huku nyingine ikiachwa hakufiki mbali. Upande wa pili kuna wanaopitwa: wasichana na wanawake, ambao mara nyingi hawarukiruki darasani bali hukaa kimya mawazo yakiwa mbali, wamekuwa wakitambuliwa wakiwa wamechelewa sana au wasitambuliwe kabisa.

Mwezi Mei 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha jinsi uchunguzi wa haraka unavyoweza kwenda kombo. Mwandishi wake alipimwa na kliniki tatu binafsi kwa njia ya video, na zote zikamwambia ana ADHD. Daktari bingwa wa NHS aliyekaa naye ana kwa ana kwa saa tatu hivi alihitimisha kuwa hana. Wagonjwa wengi waliumizwa na kipindi hicho, wakihofia kuwa hata waliochunguzwa vizuri wataonekana wamenunua majibu. Hofu yao ilikuwa na msingi. Kliniki binafsi zinazofanya kazi safi zipo, na uchunguzi kwa video si kosa lenyewe. Tatizo ni haraka, na ripoti nyembamba isiyoeleza uamuzi ulifikiwaje.

Kabla ya kulipa, mgonjwa ana haki ya kujua nani atamchunguza na ana sifa gani. Mahojiano yatachukua muda gani. Kama ripoti itataja vigezo na ushahidi wa utotoni. Na nini kitafuata kama jibu ni "hapana". Kliniki iwe imeandikishwa na mamlaka ya nchi husika, ambayo kwa England ni Care Quality Commission, na daktari awe kwenye rejista ya baraza lake la kitaaluma. Rejista hizo ziko wazi kwa umma na kuziangalia ni bure.

Ripoti ikithibitisha ADHD, dawa ni mojawapo ya tiba, na kwa wengi ndiyo yenye nguvu zaidi. NICE inataka watu wazima wapewe dawa pale ambapo mabadiliko ya mazingira, kama vile mpangilio wa kazi, kupunguza kelele na kutumia vikumbusho, yamejaribiwa na bado dalili zinamkwaza mtu. Dawa kuu ni vichangamsho vya aina mbili. Methylphenidate ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, na jina lake la biashara, Ritalin, lilitokana na jina la mkewe, Rita. Kundi la amfetamini ni la zamani zaidi kwa matumizi haya: mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliandika jinsi Benzedrine ilivyowatuliza na kuwawezesha kusoma watoto aliokuwa akiwatibu. Amfetamini inayotumika sana Uingereza sasa ni lisdexamfetamine, ambayo ikimezwa haifanyi kazi mpaka mwili uivunje ndani ya damu. Hilo huifanya ianze taratibu na kudumu kwa sehemu kubwa ya siku.

Vichangamsho huongeza dopamini na noradrenalini kati ya seli za neva, kemikali ambazo ubongo huzitumia kushika lengo na kupuuza vishawishi. Wapo wasiovivumilia au wasiofaa kuvitumia, na hao huweza kupewa atomoxetine, ambayo si kichangamsho na huhitaji wiki kadhaa kabla faida yake haijaonekana kikamilifu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliojumuisha majaribio 133, ulipendekeza methylphenidate ianze kwa watoto na amfetamini kwa watu wazima, kwa matumizi ya muda mfupi.

Kidonge cha kwanza kisimezwe kabla ya mwili kukaguliwa. Shinikizo la damu, mapigo ya moyo na uzito hupimwa, na kwa mtoto urefu pia. Daktari huuliza kama mgonjwa amewahi kuzimia akifanya mazoezi, kupata maumivu ya kifua, au kuzaliwa na kasoro ya moyo, na kama ndugu wa damu wa karibu alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 40. Kipimo cha umeme wa moyo hakihitajiki kwa kila mtu. Hufanywa pale historia au dawa nyingine zinapokidai. Historia ya kurukwa na akili au ya bipolar isifichwe, kwani vichangamsho vinaweza kuichochea.

Hapo ndipo kupanga dozi kunapoanza. Kiasi kinachofaa hakijulikani kwa kuangalia uzito wa mtu wala ukali wa dalili zake. Mwanamume wa kilo 95 anaweza kutulia kwenye dozi ndogo kabisa, na binti mwembamba akahitaji ya juu. Njia pekee ni kuanza chini na kupanda kwa hatua, kila hatua ikipimwa. Methylphenidate ya kuachia polepole ya saa 12 kwa kawaida huanza na miligramu 18 asubuhi na kupanda kwa miligramu 18. Lisdexamfetamine huanza na miligramu 30, au 20 kwa wengine, na kupanda kwa 10 au 20 kila wiki bila kuvuka 70. Atomoxetine kwa mtu mzima huanza na miligramu 40 kwa angalau siku 7 kabla ya kufikishwa 80. Viwango hivyo ni vya daktari kufuata akiwa na mgonjwa mbele yake. Havimpi mtu ruhusa ya kujiongezea.

Katika wiki hizi mgonjwa ana kazi kubwa kama ya daktari. Anatakiwa kuandika saa aliyomeza, saa dawa ilipoanza kushika na ilipoachia, alikula nini, alilala vipi, na namba za shinikizo la damu na mapigo ya moyo, ambazo zinaweza kupimwa nyumbani kwa mashine ya mkono. Maandishi hayo ndiyo yanayotofautisha matatizo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Dozi ndogo huonekana mchana kutwa: dawa ipo, lakini hakuna kilichobadilika. Dozi inayokwisha mapema hufanya kazi vizuri asubuhi, kisha saa tisa alasiri mtu anageuka mkali, mchovu na mwenye njaa. Tiba ya la kwanza ni kupanda hatua. Tiba ya la pili yaweza kuwa aina nyingine ya dawa au nyongeza ndogo ya mchana, na kumpandishia mtu huyo dozi ya asubuhi kunaweza kumletea madhara tupu.

Dozi ikizidi, dalili zake hazifanani na ulevi. Mtu anakuwa mkavu, hacheki, anang'ang'ania jambo moja kwa saa nyingi, moyo unamwenda mbio, au anakuwa na hasira za karibu. Ndugu huziona kabla yake, na waulizwe. Siku za kwanza nazo zinadanganya: baadhi ya watu hupata furaha na nguvu ambazo hupotea baada ya siku chache, wakadhani dawa imeisha nguvu. Lengo la dawa ni kumwezesha mtu kuanza kazi na kuimaliza. Anayepandisha dozi akiifukuza furaha ya siku ya kwanza atavuka kiwango chake bila kujua.

Maudhi ya kawaida ni kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kinywa kukauka na kuumwa kichwa. Mengi hupungua baada ya wiki chache. Kunywa chai nzito au kahawa juu ya kichangamsho huongeza mapigo ya moyo, hivyo wiki za kupanga dozi ni wakati mzuri wa kupunguza. Kifungua kinywa kiliwe kabla dawa haijafuta njaa. Maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia yasiyokuwapo, na mawazo ya kujidhuru si maudhi ya kuvumiliwa. Huduma ya haraka itafutwe siku hiyo hiyo. NICE inataka mapigo na shinikizo la damu yapimwe kabla na baada ya kila badiliko la dozi, kisha kila miezi 6. Mapigo yanayobaki juu ya 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika ni sababu ya kushusha dozi na kumpeleka mgonjwa kwa bingwa. Watoto wapimwe urefu kila miezi 6, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kupunguza kasi ya kukua.

Thamani ya ufuatiliaji huu ilionekana wazi katika utafiti wa MTA, uliofanyika Marekani na Canada na kuchapishwa mwaka 1999. Watoto 579 wa umri wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa katika makundi manne kwa miezi 14. Kundi moja lilipangiwa dozi kwa siku 28 za kujaribu viwango mbalimbali, kisha likaonwa na daktari kila mwezi. Kundi jingine liliachiwa huduma ya kawaida ya mtaani, ambako karibu theluthi mbili ya watoto walipewa dawa za aina hizo hizo. Lililosimamiwa kwa karibu lilifanya vizuri zaidi, na tofauti kubwa ilikuwa dozi iliyotafutwa kwa makini na daktari aliyerudi kuuliza. Usimamizi ulipokoma, tofauti ikafifia, na kufikia mwaka wa tatu ilikuwa imetoweka. Kliniki inayouza uchunguzi kwa bei nafuu na kumwacha mgonjwa na dozi ya kukisia imeuza sehemu iliyo rahisi.

Gharama nayo iko hapo hapo. Anayejilipia hulipia miadi ya kupanga dozi, cheti cha dawa kila mwezi, na dawa yenyewe kwa bei ya soko, kwa miezi mitatu hivi au zaidi. Methylphenidate na amfetamini ni dawa zinazodhibitiwa kisheria: cheti chake kina uhai wa siku 28, na mwongozo unataka kisizidi dawa za siku 30, kwa hiyo hakuna kununua za nusu mwaka kwa mkupuo. Dozi ikitulia, kliniki humwandikia daktari wa familia kumwomba makubaliano ya kugawana huduma. Akikubali, mgonjwa wa England hulipa ada ya kawaida ya cheti, iliyokuwa pauni 9.90 mwaka 2025, huku kliniki ikiendelea kumkagua kila mwaka. Daktari wa familia halazimiki kukubali, na wengi hukataa maombi ya kliniki binafsi, hasa ripoti isiporidhisha. Aliyekataliwa hubaki akilipa kila mwezi au hurudi nyuma ya foleni aliyoikimbia. Swali hili liulizwe kabla ya senti ya kwanza kutoka mfukoni, na jibu litafutwe kwa maandishi.

Hata dozi iliyotulia inaweza kuyumbishwa na soko. Septemba 2023 serikali ya Uingereza ilitoa tahadhari ya kitaifa kuhusu uhaba wa dawa za ADHD, na wagonjwa wengi wakalazimika kubadilishiwa. Methylphenidate za kuachia polepole za kampuni mbalimbali haziachii dawa kwa mwendo mmoja hata zikiwa na miligramu sawa, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikwisha kuonya mwaka 2022 kwamba kubadilisha kutoka moja hadi nyingine kufanywe kwa uangalifu. Anayepewa kopo lenye jina jipya dukani amuulize mfamasia kabla ya kuondoka.

Wanaosafiri kwenda nyumbani likizo wakiwa na dawa hizi wabebe vidonge ndani ya kopo la duka lenye jina lao, pamoja na barua ya daktari. Kutoka Uingereza na dawa za miezi mitatu au zaidi kunahitaji leseni ya wizara ya mambo ya ndani, na Falme za Kiarabu, ambako ndege nyingi za Afrika Mashariki hupitia, hudai kibali cha awali kwa dawa zinazodhibitiwa zinazoingizwa nchini mwao. Methylphenidate na amfetamini zote ziko katika jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa za akili. Ombi la kuiingiza methylphenidate katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani lilikataliwa mwaka 2019 na tena 2021, na nchi nyingi hutumia orodha hiyo kupanga dawa za hospitali za serikali. Ndiyo maana ndugu walioko nyumbani wenye mtoto anayehangaika shuleni huomba watumiwe vidonge kutoka Ulaya. Ombi hilo likataliwe kwa upole, na mtoto apelekwe kwa daktari wa watoto au wa afya ya akili aliye karibu. Vidonge hivyo havijapangiwa moyo wake wala mwili wake, na kwa sheria ya Uingereza kumpa mtu mwingine dawa ya namna hiyo ni jinai, awe ndugu wa damu au la.